Mtihani wa muziki ambao haujaandikwa

Mwanafunzi wa muziki katika chuo cha Marekani akipiga simu nyumbani na kusema muhula huu ana somo la kupiga jazi bila noti mbele yake, na kwamba mwisho wa muhula kuna mtihani, mzazi ana haki ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Mtihani wa nini? Kama unapiga linalokujia kichwani, mwalimu anasahihisha kwa kipimo gani? Na ada yote ile, mwanangu, kumbe unasomea kubahatisha?

Swali hilo lina akili kuliko linavyosikika. Hujirudia kwa sura nyingine kila ifikapo Aprili 30, Siku ya Kimataifa ya Jazi ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2011, pale watu wanapoanza kubishana. Mmoja atasema jazi ni Western Jazz na Morogoro Jazz, muziki wa baba zetu. Mwingine atasema hapana, jazi ni ile ya Wamarekani ambayo kila mtu anapiga lake, kelele za mnada wa samaki. Wa tatu atahitimisha kwamba hata mkibishana mpaka asubuhi, jazi haifundishwi. Mtu huzaliwa nayo. Wa kwanza ana sababu yake, wa pili hajasikiliza, na wa tatu amekosea kabisa. Nianze na wa kwanza, maana huyo tunamalizana naye haraka.

Bendi zetu za zamani zilipenda neno hilo: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, NUTA Jazz, na huko Kongo OK Jazz ya akina Franco, iliyoanza mwaka 1956 katika mji ambao leo ni Kinshasa. Kwao Jazz ilimaanisha bendi ya kisasa: magitaa, tarumbeta, saksafoni, watu waliovaa wakapendeza, dansi mpaka alfajiri. Muziki wenyewe ulikuwa rumba, cha-cha na midundo ya nyumbani. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ile iliyochipuka New Orleans, kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, mikononi mwa Wamarekani Weusi, ikiwa imebeba bluzi, nyimbo za kanisani na muziki wa bendi za matarumbeta zilizopita mitaani. Ili tusichanganyane, nitaandika Jazz kwa majina ya bendi na jazi kwa muziki huo.

Sasa kubuni papo hapo ni nini? Ni kutunga na kupiga kwa wakati mmoja, mbele ya watu, bila nafasi ya kufuta. Mtunzi wa kawaida huandika, akasoma, akakata, akaandika tena. Mpigaji wa jazi hana kifutio. Noti ikishatoka imetoka, na inayofuata lazima iishi nayo.

Jambo hili si geni kwetu. Mpiga solo wa dansi anapofika kwenye sebene, kodi (haihusiani na mapato), yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, zinazunguka zile zile chache, rizimu imeshikilia, besi inasukuma, naye anachonga vipande vya gitaa akiangalia wachezaji wanavyoitika. Kipande kikikolea anakirudia, kikichoka anakigeuza. Katika taarab ya Zanzibar, mpiga udi au fidla hufungua wimbo kwa taksimu: anatembea peke yake ndani ya maqamu, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, bila mdundo wa kumbana, akiutayarishia wimbo njia. Mambo ya namna hiyo yana mahali pa kujifunzia pia: Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kiko Zanzibar tangu mwaka 2002. Kwa hiyo hata wazo la kuingia darasani kusomea kitu kinachobuniwa papo hapo halikuanza na ndege ya kwenda Marekani.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko wote hauna ala hata moja. Wafikirie malenga wawili wanaojibizana. Wa kwanza ametoa ubeti. Wa pili anatakiwa ajibu katika bahari ile ile: mistari minne, kila mstari mizani 16, nane upande wa ukwapi na nane upande wa utao, vina vilingane kati na mwisho. Ubeti mmoja ni mizani 64, na hadhira inamwangalia. Akipunguza mizani moja, wazee wa mbele watainua vichwa. Anapojibu vizuri, hakuna anayesema kwamba amebahatisha. Wala hakuna anayesema aliuandika ubeti ule nyumbani, maana hakujua atarushiwa nini.

Alichokuwa nacho kabla ya kufika ni ghala. Ana maneno mengi yanayoishia na -ani na mengine mengi yanayoishia na -ika. Ana methali, ana vipande vya wahenga, na ana mazoea ya kipimo cha mizani nane yaliyomwingia mpaka hahesabu tena kwa vidole. Kwa kuwa hahesabu, akili yake iko huru kufikiria jambo moja tu: nimjibu nini huyu? Mpigaji wa jazi anafanya kazi hiyo hiyo, na darasa la chuo linafundisha ghala hilo pamoja na mazoea hayo. Jibu lenyewe halifundishwi.

Tuingie ndani ya umbo lake. La kwanza ambalo karibu kila darasa huanza nalo ni bluzi ya vipimo 12. Kipimo kimoja kina mapigo manne. Mara 12 ni mapigo 48, kisha mzunguko unaanza upya. Huo ndio ubeti wa mpiga jazi. Yeyote anayebuni, awe wa saksafoni au wa piano, anabuni ndani ya mapigo hayo 48, na bendi nzima inajua iko pigo la ngapi hata kama hakuna anayehesabu kwa sauti. Huyu bwana wa mnada wa samaki angehesabu mara mbili tu angewasikia wote wakitua nyumbani kwa pamoja.

Kutua nyumbani, kwa lugha ya ufundi, ni kurudi kwenye kodi ya kwanza. Kodi, kama nilivyosema, ni noti kadhaa zinazolia pamoja. Waliowahi kuimba kwaya kwa sol-fa wataelewa upesi kuliko wengi wanaosoma vitabu vya nadharia. Kodi ya kwanza ya bluzi ni do, mi, so, na ta, yaani ti iliyoshushwa nusu hatua. Kodi ya nne ni fa, la, do, na ma, yaani mi iliyoshushwa nusu hatua. Kodi ya tano ni so, ti, re, fa. Katika umbo la msingi, vipimo vinne vya mwanzo viko nyumbani kwenye kodi ya kwanza. Viwili vinavyofuata vinakwenda kwa jirani, kodi ya nne. Viwili vinarudi nyumbani. Kipimo cha tisa kinapanda kodi ya tano, ile yenye hamu ya kurudi. Cha kumi kinapitia kwa jirani tena, na viwili vya mwisho viko nyumbani. Wapigaji wa jazi huongeza viungo juu ya hapo, lakini nyama ni hiyo.

Sasa zoezi ambalo, kwangu mimi, linaeleza somo zima. Mwalimu anamwambia mwanafunzi: vipimo vinne vya kwanza shikilia mi. Ukifika kipimo cha tano, shuka kwenye ma. Basi. Nusu hatua, hata kidole hakisogei mbali. Mwombe piano anyamaze, mwanafunzi apige peke yake noti hizo mbili kwa wakati wake, na msikilizaji bado atahisi nyumba imebadilika, kwamba tumetoka barazani tumeingia kwa jirani. Mi ni ya kodi ya kwanza na haimo katika ya nne. Ma ni kinyume chake. Mwanafunzi aliyelisikia hilo kwa sikio lake ameacha kubahatisha siku hiyo hiyo. Aliyelielewa kwenye karatasi tu bado ana safari.

Wengi hudhani kinachofuata ni kujaza noti nyingi zaidi. Walimu wazuri hufanya kinyume: wanakunyang'anya. Wiki nzima unaruhusiwa noti mbili au tatu tu, na unatakiwa uzifanye zivutie kwa mapigo peke yake, mapema, kwa kuchelewa, fupi, ndefu, kimya. Kinachomtambulisha mpiga jazi kabla ya noti zake ni namna anavyokaa ndani ya wakati. Pigo linagawanywa vipande viwili visivyolingana, cha kwanza kirefu kidogo kuliko cha pili, na kiasi cha tofauti hiyo hubadilika kwa kasi ya wimbo. Ukienda mbio sana vipande vinakaribia kulingana. Hakuna anayeweza kukuandikia hilo kwa ukamilifu. Mtu anayejifunza Kiswahili ukubwani anaweza kuandika neno barabara bila kukosea herufi, halafu akitamka tunamshangaa: alitaka kusema kazi imekwenda barábara, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili, akatuambia kazi imekwenda barabára, njia ya magari. Herufi zile zile. Wapiga jazi wanaotamka noti sahihi kwa mkazo wa kigeni wako wengi, na husikika hivyo hivyo.

Mkazo huo huchotwa kwa kuiga. Hapa ndipo wazazi na baadhi ya wanafunzi hukereka: nimekuja kujifunza kubuni, mbona naambiwa niige? Kazi ya nyumbani ya kawaida ni kuchukua solo ya mpigaji mkubwa, kuisikiliza mpaka uweze kuiimba pamoja na rekodi, pumzi kwa pumzi, na baada ya hapo ndipo ushike ala uitafute. Kuandika noti huja mwisho kabisa, au kusije. Kisha unachukua kipande kimoja kilichokupendeza na kukipiga katika funguo zote 12: leo do ni F, kesho do ni A, keshokutwa do ni mahali ambapo vidole vyako hupachukia. Clark Terry, mpiga tarumbeta, alifupisha njia nzima kwa maneno matatu: kuiga, kuyeyusha, kubuni. Neno la katikati ndilo refu kuliko yote, kwenye karatasi na kwenye mazoezi pia.

Charlie Parker alilijua hilo kwa aibu. Inasimuliwa kwamba katikati ya miaka ya 1930, akiwa kijana mdogo wa Kansas City, alipanda jukwaani na saksafoni yake kupiga na wakubwa, akapotea ndani ya wimbo. Jo Jones, mpiga dramu wa bendi ya Count Basie, akang'oa sahani ya shaba kwenye dramu zake na kuitupa karibu na miguu ya kijana, kelele za kumwambia shuka. Ukumbi ukacheka. Majira ya joto ya 1937 Parker alikwenda kupiga kazi kwenye milima ya Ozark, akiwa na rekodi za mpiga saksafoni Lester Young, na huko akazimeza solo za Young moja baada ya nyingine. Mwaka 1954, alipohojiwa na mpiga saksafoni mwenzake Paul Desmond, alisema kuna kipindi cha miaka mitatu au minne alikuwa akifanya mazoezi saa 11 hadi 15 kwa siku. Mtu huyu ndiye ambaye wanaoamini kipaji cha kuzaliwa hupenda kumtolea mfano.

Kuna hadithi nyingine inayomfuata Parker, mbaya zaidi: kwamba heroini ndiyo iliyompa ule ufundi. Vijana kadhaa waliomwabudu waliingia kwenye sindano kwa imani hiyo. Yeye mwenyewe alikana waziwazi, akisema mwanamuziki anayedai kupiga vizuri zaidi akiwa amelewa au amejidunga ni mwongo. Alifariki Machi 1955 akiwa na umri wa miaka 34. Daktari aliyeukagua mwili alimkadiria kuwa mtu wa miaka 50 na kitu.

Na ile ya damu? Kwamba Weusi wanayo, wengine wataiga tu? Inaonekana kama sifa, lakini inafuta kazi ya watu. Miles Davis, mpiga tarumbeta, aliingia chuo cha Juilliard, New York, mwaka 1944. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia kwamba mwalimu mmoja aliwaambia wanafunzi kuwa Weusi hupiga bluzi kwa sababu walikuwa maskini na walichuma pamba. Davis akanyoosha mkono na kujibu kwamba baba yake ni daktari wa meno ambaye hajawahi kuchuma pamba, na kwamba yeye Davis hakuamka asubuhi hiyo akiwa na huzuni. Muda si mrefu aliacha chuo. Masomo yake ya kweli yalikuwa usiku, kwenye vilabu, akimfuata Parker.

Ndiyo, vilabu. Kabla ya vyuo, darasa lilikuwa mahali kama Minton's Playhouse, Harlem, mwanzoni mwa miaka ya 1940, ambako Thelonious Monk alikaa kwenye piano na Kenny Clarke kwenye dramu, na mgeni aliyepanda jukwaani bila kujiandaa alitupiwa kodi ngumu mpaka ashuke mwenyewe. Vyuo vilikuja baadaye. Mwaka 1945 Lawrence Berk alifungua shule Boston ambayo leo ni Berklee. Mwaka 1947 chuo cha Denton, Texas, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha North Texas, kikaanzisha shahada ya jazi, ila hawakuthubutu kuiita hivyo; neno jazi lilinuka vilabu na pombe, kwa hiyo wakaandika kwamba ni shahada ya bendi za dansi. Hapo hucheka peke yangu: wao waliificha jazi ndani ya dansi, sisi tukaliita dansi letu Jazz. Mwaka 1967 Jamey Aebersold akatoa santuri yake ya kwanza ya kufanyia mazoezi, piano, besi na dramu zikipiga bila mwimbaji wala solo, ili mwanafunzi aliye peke yake chumbani apate bendi. Waafrika nao waliingia milango hiyo mapema: Mulatu Astatke wa Ethiopia alisoma Berklee mwishoni mwa miaka ya 1950, akarudi kwao na muziki ambao hakuna aliyewahi kuusikia.

Wapo wanaolalamika kwamba vyuo vinatoa wapigaji wanaofanana kama matofali, wepesi wa vidole na hawana la kusema. Lalamiko hilo lina ukweli. Ukimfundisha mtu orodha ya skeli, yaani ngazi za noti, kwamba kodi fulani inakwenda na skeli fulani, anaweza kupita mtihani wa nadharia na bado asijue kwa nini mi ile imeshuka. Santuri ya mazoezi nayo haikusikilizi. Ukipotea inaendelea kama basi lisilo na kondakta. Lakini dawa si kufunga darasa. Sehemu nzuri ya darasa ni wenzako sita waliokaa duara, kila mmoja na ala yake.

Kwani kubuni peke yako ni nusu ya kazi. Kuna zoezi la kujibizana vipimo vinne vinne: saksafoni vipimo vinne, dramu vipimo vinne, tarumbeta vinne, na umbo la wimbo linaendelea kutembea chini yao. Mwanafunzi mgeni husubiri zamu yake akitayarisha kipande kizuri kichwani. Zamu ikifika anakitoa, na kinaanguka, kwa sababu mwenzake alikuwa amesema kitu kingine kabisa. Ni kama mtu aliyekuja na ubeti wa harusi kwenye msiba. Mwalimu atamsimamisha na kumuuliza: ameishia wapi yule? Imba noti yake ya mwisho. Anza hapo.

Hata kosa hutibiwa kwa kusikiliza. Mwaka 1960 Ella Fitzgerald alikuwa akiimba Berlin, maneno ya wimbo yakamtoka katikati. Akatunga mengine hapo hapo, akajicheka ndani ya mahadhi, na rekodi ile ikampa tuzo ya Grammy. Mpiga piano Herbie Hancock naye anasimulia usiku mmoja wa miaka ya 1960 huko Stuttgart, Ujerumani, bendi ya Miles Davis imepamba moto, yeye akabonyeza kodi ambayo haikuwa na uhusiano wowote na mahali walipokuwa. Akashika masikio. Davis akavuta pumzi kidogo, kisha akapiga noti zilizoifanya kodi ile iwe sahihi. Hancock anasema ilimchukua miaka kuelewa: Davis hakuisikia kama kosa, aliisikia kama jambo lililotokea. Ukiangalia, ndivyo malenga anavyopokea ubeti mbovu wa mpinzani wake. Haukatai, anaugeuza.

Wanasayansi wamejaribu kuchungulia. Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun walichapisha uchunguzi ambamo wapiga piano sita wa jazi walilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, na kinanda kidogo kisicho na chuma mapajani. Walipobuni, tofauti na walipopiga kitu walichokariri, sehemu za mbele za ubongo zinazohusishwa na kujichunga na kujisahihisha zilipunguza kazi, na sehemu inayohusishwa na kujieleza ikaongeza. Watu sita ni wachache, na picha ya ubongo si muziki. Ila walimu wa darasa la kubuni hawatashangaa sana. Mkosoaji aliye kichwani humsaidia mwanafunzi chumbani, wakati wa mazoezi. Jukwaani humkwaza.

Tumrudie mzazi kwenye simu. Mtihani unasahihishwa kwa mambo ambayo yeye mwenyewe angeweza kuyasikia baada ya wiki mbili za kuzoea. Taratibu hutofautiana kati ya chuo na chuo, lakini mwanafunzi kwa kawaida anatakiwa ajue nyimbo kadhaa kwa moyo, mahadhi na kodi zake. Apige solo ya mkubwa aliyoiiga, pamoja na rekodi. Kisha abuni juu ya bluzi, na juu ya umbo refu zaidi, kwa mfano lile la vipimo 32, nane mara nne, sehemu ya tatu ikiwa tofauti na nyingine. Wimbo mmoja wa George Gershwin wa mwaka 1930 wenye umbo la karibu na hilo, I Got Rhythm, umeazimwa mifupa yake na makumi ya nyimbo nyingine za jazi, kama bahari moja ya ushairi inavyobeba mashairi ya watunzi mia. Mwalimu anasikiliza: je, alijua mahali alipo? Kodi ilipogeuka, noti zake ziligeuka? Mapigo yalitulia? Alichosema kipimo cha tatu alikikumbuka kipimo cha saba? Mwenzake alipompa kitu alikipokea? Hakuna jibu moja sahihi, lakini majibu yasiyo sahihi yanasikika, kama shairi lililopungua mizani.

Na ugumu wa mtihani haukai pale mtu anapoudhania. Machi 2, 1959 Miles Davis aliingia studio New York na kurekodi So What, wimbo ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huuona mteremko: vipimo 32, na skeli mbili tu, ya pili ikiwa ile ile ya kwanza iliyosogezwa nusu hatua juu. Vipimo 16 mfululizo hakuna kinachobadilika. Halafu anaanza kupiga, na kufikia kipimo cha kumi ameshamaliza alichokuwa nacho. Hakuna kodi inayokuja kumpokea mkono. Ni uwanja mtupu, mchana, na wewe peke yako.

Kwenye rekodi ile saksafoni moja ilipigwa na John Coltrane. Miezi miwili baadaye, Mei 5, Coltrane alikuwa studio na bendi yake mwenyewe kurekodi Giant Steps, ambao ni kinyume kabisa: vipimo 16, kasi ya kukimbizwa, kodi zinageuka karibu kila mapigo mawili, na do inaruka kati ya B, G na Eb (E iliyoshushwa nusu hatua) kabla hujaizoea. Coltrane anapita humo kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yao. Alikuwa amezifanyia kazi kodi hizo kwa muda mrefu. Piano siku hiyo alikuwa Tommy Flanagan, mmoja wa wapiga piano hodari wa kizazi chake, mtu aliyekuwa na ghala la nyimbo kuliko wengi. Zamu yake ya solo inapofika, anaanza vizuri, kisha unamsikia anasitasita. Vipande vinakuwa vifupi, vinakatika, na mwishowe anabaki kubonyeza kodi tu mpaka Coltrane anarudi. Rekodi ikatoka hivyo hivyo, na wanafunzi wa jazi duniani kote wameisikia.

Coltrane alifariki mwaka 1967. Flanagan akaendelea kupiga na wengine, akaendelea kuukabili wimbo ule. Mwaka 1982, miaka 23 baada ya siku ile, aliingia studio na besi na dramu tu, bila saksafoni ya kumficha, akaurekodi tena. Safari hii hakuna mahali anaposita.